Likizo Katika Mlima wa Kahawa



Mjini kwetu Tanga, baada ya sala ya Alasiri, hupita muuza kahawa na dele lake mkononi, akigonganisha vikombe, na wazee waliokaa barazani humwita. Sisi tu miongoni mwa wazee hao. Kwa miaka thelathini na zaidi tumeinywa kahawa hiyo chungu pamoja na kashata, tukazungumza habari za dunia na za mtaa, wala hatukupata kujiuliza imetoka wapi. Siku moja mwanetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alisimama kando ya baraza akatuuliza, "Baba, mti wa kahawa una umbo gani?" Tukanyamaza. Sisi tunaowahimiza watoto wa watu waulize wasiyoyajua tulikosa jawabu la mtoto wetu wenyewe.

Hapo ndipo tulipopata nia ya kuwachukua watu wa nyumba yetu wakati wa likizo, twende tukauone mti huo pale unapoota. Katika kurasa hizi twataka kuwaeleza jinsi tulivyoipanga safari ile, tulivyokosea katika kuipanga, na tulivyolitengeneza kosa. Huenda wako wenye nia kama yetu, wakafaidika kabla hawajatoa nauli.

Kwanza, wapo watakaosema kuwa kusafiri kwa mapumziko ni israfu. Nasi zamani tulikuwa wa maneno hayo hayo. Lakini Qur'ani Tukufu katika Surat al-Ankabut yatuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanza kuumba. Na katika Surat al-Ghashiya twaulizwa kama hatutazami milima ilivyosimamishwa. Mtu wa pwani aliyeishi maisha yake yote asione mlima ila katika picha, je, amri hii haimhusu? Israfu ni ile safari ya kujionyesha, au ile ambayo mtu huazima fedha akastarehe siku tano, kisha akahangaika miezi mitano kulipa. Safari ya kiasi, yenye faida kwa akili na mwili, haimo katika israfu.

Tena kahawa si ngeni katika nyumba za Waislamu. Asili ya mbuni ni nyanda za juu za Uhabeshi. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa kahawa ili wasisinzie katika dhikri za usiku, na baadaye bandari ya Mukha ikapata sifa ulimwenguni kwa biashara yake. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku mjini Makka, wengine wakidai kwamba hukumu yake ni kama ya vileo. Lakini marufuku ile haikudumu, na kahawa ikaenea. Neno letu "kahawa" ni lile lile "qahwa" la Kiarabu.

Katika nchi yetu ya Tanzania, mahali tulipopachagua ni miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kikatoliki waliipanda kahawa huko Kilema. Yaelezwa kwamba mbegu zile zilitoka kisiwa cha Réunion, nako zilikuwa zimepelekwa kutoka Yemen. Wachaga wakaipokea kahawa, wakaipanda chini ya migomba yao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika kijulikanacho kwa herufi KNCU, ambacho ni katika vyama vya ushirika vya mwanzo vya Waafrika katika nchi hizi. Kwa fedha za kahawa watu wengi wa mlimani walijenga nyumba na kuwasomesha watoto wao.

Basi, mwenye kutaka kwenda huko yampasa apange mambo matatu: wakati, mali, na watu wa kufuatana nao.

Ama wakati, usiende katika masika, yaani tangu Machi hata Mei, kwa kuwa njia za vijijini huwa utelezi, na mlima hujificha katika mawingu. Mavuno ya kahawa huanza katika mwezi wa Julai, vijiji vya chini vikitangulia, yakaendelea hata Desemba. Apendaye kuona mibuni ikichanua maua meupe, yenye harufu inayokaribiana na ya yasmini, na aende mvua za vuli zinapoanza kunyesha. Sisi tulichagua siku za mwisho za Juni na za mwanzo wa Julai mwaka 2024, kwa sababu skuli zilikuwa zimefungwa, na madrasa yetu nayo tuliifunga kwa Idi ya Kuchinja. Tulijua kwamba huo ni wakati wa baridi mlimani, lakini hatukujua ni baridi ya namna gani.

Ama mali, tulikaa usiku mmoja sote wa nyumbani, tukawasha taa, kijana wetu mkubwa akashika daftari na kalamu. Akaandika nauli ya watu watano kwenda na kurudi, chakula cha njiani, nyumba ya wageni mjini Moshi kwa siku tano, na akiba ya dharura. Alipojumlisha, fedha tulizoziweka tangu mwaka uliotangulia zilitosha, na kidogo kikabaki. Tukamshukuru Mungu. Watoto wakaanza kushangilia.

Mama watoto alikuwa kando akichagua mchele katika ungo. Hakuinua uso. Akasema, "Mwalimu, mimi niacheni nyumbani. Siwezi kwenda Moshi nikalala katika chumba cha kukodi, na kaka yangu wa tumbo moja anakaa Moshi."

Nyumba nzima ikanyamaza.

Ewe msomaji, hapa yatupasa tuseme jambo ambalo kulisema kwatuonea haya. Mama mkwe wetu alifariki mwaka 2012, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha nyumba ndogo na watoto wawili: shemeji yetu na mama watoto. Nyumba iliuzwa, na sisi, kwa kuwa ni mwalimu, ndio tuliopewa kazi ya kuugawa urithi. Shemeji alidai kwamba alitoa shilingi laki tatu kwa matibabu ya mama yake, na kwamba zilikuwa deni. Tukamtaka mashahidi, hakuwa nao. Tukamtaka karatasi, hakuwa nayo. Tukasema mbele ya watu kwamba mtoto humsaidia mzazi wake wala hamdai, na kwamba mwenye kudai hivyo ana tamaa. Shemeji akachukua fungu lake akaondoka. Alikuwa akifanya kazi Moshi katika kiwanda cha kukoboa kahawa, akaoa huko Machame, na tangu siku ile hakutia mguu mlangoni petu. Sisi nasi hatukumtafuta. Ilikuwa mwaka wa kumi na mbili huo.

Usiku ule wa daftari tulimwuliza mama watoto, kwa mara ya kwanza, analijua nini jambo lile. Akasema, "Mama aliniambia kwa ulimi wake kwamba fedha zile amezikopa kwa kaka, na nyumba ikiuzwa alipwe kwanza." Tukamwuliza kwa nini hakusema siku ya mgawo. Akajibu, "Mlikaa wanaume barazani, mimi nilikuwa jikoni nikipika chakula chenu. Nani aliniuliza?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tumefundisha mirathi kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika Surat an-Nisaa twasoma, na watoto twawahifadhisha, kwamba urithi haugawiwi ila baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Nasi jambo hilo lilipokuja mikononi mwetu tulifanya haraka, tukamsikiliza mrithi mmoja na kumsahau wa pili, kwa kuwa yeye ni mwanamke na ni mke wetu.

Kijana akafungua ukurasa mpya wa daftari, tukamwambia aandike. Urithi wa mtoto mwanamume na mtoto mwanamke hugawiwa mafungu matatu: mawili yake mwanamume, na moja lake mwanamke. Laki tatu zilipasa zitolewe kwanza katika fedha za nyumba, na hivyo kila mrithi abebe sehemu kwa kadiri ya fungu lake: laki mbili kwa shemeji, na laki moja kwa mama watoto. Kwa hiyo laki moja ya shemeji ilikuwa imekaa nyumbani mwetu miaka kumi na miwili, tukiila. Kwa laki moja tulikuwa tumekata udugu, na sisi ndio tusomao mimbarini hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba si halali mtu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu.

Laki moja ile tukaitoa katika fedha za safari, usiku ule ule. Mama watoto akasema kwamba shilingi ya mwaka 2012 si shilingi ya leo, na neno lake lilikuwa kweli. Basi akaongeza kiasi kutoka katika fedha zake za ushoni, akatoa kama hidaya kwa kaka yake, si kama deni. Nyumba ya wageni tukaifuta katika daftari, tukaacha siku mbili tu, kwa kuwa hatukujua kama tutapokewa.

Kulipopambazuka tulipiga simu sisi wenyewe, hatukumtuma mtoto. Tukamsalimu shemeji, tukamweleza kosa letu bila ya kulipamba, tukamwomba msamaha, na tukamwambia kwamba twaja Moshi. Alinyamaza muda mrefu hata tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Shemeji, huku ni baridi. Waambie watoto waje na masweta."

Ama watu wa kufuatana nao, ni sunna wasafiri wakiwa watatu au zaidi wamchague mmoja awe amiri wao. Tulimchagua kijana mkubwa, na tukamtii, hata alipotukataza kununua vitu dirishani mwa basi. Mtoto akipewa amana ya safari hujifunza uangalifu kuliko anavyojifunza kwa kukemewa. Zawadi tulizochukua ni kikapu cha machungwa ya Muheza, nazi, na samaki wakavu, kwa kuwa mgeni mwema huchukua kile ambacho mwenyeji wake hakipati kwa wepesi.

Tulitoka Tanga baada ya sala ya Alfajiri. Ukipita Muheza hufika Segera, kisha Korogwe penye mashamba ya mkonge, na hapo milima ya Usambara huanza kukufuata mkono wa kulia. Baada ya Mombo nchi hukauka, ikawa miiba na mibuyu. Kisha huja milima ya Upare, na miji ya Same na Mwanga chini yake. Watoto walikuwa wakiuliza katika kila mlima kama huu ndio Kilimanjaro, nasi tukiwaambia bado. Njiani tulisali kwa kupunguza na kukusanya kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Tulipofika, na tukatia nia ya kukaa siku tano kamili, tulizisali sala zetu timamu.

Shemeji alikuwa akitungoja kituoni Moshi. Ndevu zake zilikuwa zimeota mvi, na zetu pia. Mama watoto alimfikia mbele yetu sote. Hatutaandika walivyolia.

Mlima wenyewe hatukuuona siku ile, kwa sababu ya mawingu. Tuliuona asubuhi ya pili, baada ya Alfajiri, tukiwa Machame. Kilele cha Kibo, chenye urefu wa mita 5,895, kilikuwa kimesimama cheupe juu ya migomba, karibu mno kana kwamba kiko nyuma ya nyumba. Mwanetu wa mwisho alitoka nje bila ya sweta, akasimama akitetemeka, wala hakutaka kurudi ndani.

Shamba la mlimani huitwa kihamba. Ni mahali panapokusanya mambo mengi katika nafasi ndogo: juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni maharagwe na magimbi. Ng'ombe hufugwa bandani, huletewa majani, na samadi yake hurudi shambani. Maji hupita katika mifereji iitwayo mifongo, ambayo wazee wa kale waliichimba kuyatoa mitoni, na watu huyatumia kwa zamu. Kihamba hurithiwa, na wengi wana makaburi ya wazee wao humo humo.

Na mbuni, ewe msomaji, ni mti mdogo ambao hukatwa usirefuke ili mkono uufikie. Majani yake ni ya kijani kilichokolea na yana mng'aro. Matunda yake hushikana na tawi, huanza kijani, kisha hugeuka mekundu. Ndani ya tunda moja mna buni mbili zilizolaliana kwa tumbo. Kila tunda huchumwa kwa mkono, nalo ni lile lililowiva tu, kwa kuwa bichi huharibu ladha ya mengine. Siku zile ndiyo kwanza yalikuwa yakiwiva moja moja katika vihamba vya chini, na jirani wa shemeji alituruhusu tumsaidie. Watoto walianza kwa kelele na mbio. Saa mbili zikapita, vikapu havijafika nusu, na mikono imeanza kuuma. Yule mzee akamwaga kikapu cha kijana wetu, akatoa mabichi yote mbele yake, bila ya kumkemea.

Matunda hayo humenywa siku ile ile, buni zikavundikwa siku moja au mbili, zikaoshwa, kisha zikaanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa geuzwa siku nyingi mpaka zikauke. Hapo ndipo zipelekwapo kiwandani kutolewa ganda jembamba lililobaki, na hatimaye mnadani. Shemeji alituambia kwamba kilo tano au sita za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Tulikumbuka vikombe vyetu vya barazani tunavyoviacha nusu.

Wala msidhani kwamba mkulima yuko katika raha. Bei yake hupangwa na masoko ya mbali. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana mauzo yalipovunjika, bei ilianguka, na nyumba nyingi za mlimani ziliona taabu. Yako na maradhi, kama kutu ya majani na ule ugonjwa unaooza matunda mtini. Baadhi wameing'oa mibuni wakapanda vitu vingine, na vijana wengi wamehamia mijini. Waliobaki hupanda miche mipya inayostahimili maradhi, iliyotolewa na watafiti wa Lyamungu, wakasubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuona mavuno.

Katika adabu za ugeni, tukumbuke kwamba watu wengi wa Uchaga ni Wakristo, ingawa Waislamu nao wapo na misikiti ipo. Pombe ya mbege, ya ndizi na ulezi, ndiyo heshima yao ya zamani kwa mgeni. Na kisusio ni mchuzi utiwao damu. Mambo haya mawili si yetu. Lakini hapana haja ya kukunja uso. Yule mzee jirani, ambaye ni Mlutheri, alikwisha kujua sisi ni nani, akatuletea ndizi mbivu na maziwa. Mtori, yaani supu ya ndizi na nyama, tuliula nyumbani kwa shemeji kwa nyama aliyoichinja mwenyewe, na hatukupata chakula kizuri zaidi kwa baridi ile.

Siku ya tatu tulimwuliza mzee huyo habari za mmea wenye majani marefu uliopandwa mpakani mwa kihamba chake. Akasema jina lake ni isale, na kwamba Mchaga huupanda kuonyesha mpaka wa shamba. Kisha akaongeza kwamba jani la mmea huo huo, mtu akimpelekea aliyemkosea, huwa ndilo ombi la msamaha, na kwa mila zao ni vigumu kulikataa. Shemeji alikuwa amesimama karibu. Akacheka, akasema, "Huyu hakuniletea isale, aliniletea machungwa." Usiku ule tulimkabidhi laki moja yake mbele ya mama watoto na watoto wote. Aliihesabu, akaipokea, wala hakuirudisha kwa adabu za uongo. Tulimshukuru kwa hilo, kwa kuwa deni ni deni. Ile hidaya ya dada yake aliipokea pia, akampa mwanetu wa mwisho sehemu yake anunue kitabu.

Enyi wazazi, mkipanga likizo, anzeni na daftari la madeni kabla ya daftari la nauli. Tazameni kama katika nchi muendayo hakuna ndugu mliyemwacha kando. Waulizeni wanawake wa nyumba zenu, nao wakae kikaoni, wala wasiwe jikoni wakati neno linakatwa. Nanyi vijana, msiende mlimani kupiga picha tu. Ombeni kuchuma kikapu kimoja, mpate kuijua thamani ya kile mnachokunywa.

Sasa muuza kahawa akipita, mwanetu wa mwisho huja barazani na kuwaeleza wazee umbo la mbuni, tangu jani mpaka tunda. Akikosea twamsahihisha. Na shemeji ameahidi kuja Tanga na watu wa nyumba yake katika likizo ya Desemba, inshallah. Safari hiyo ataipanga yeye, nasi kazi yetu ni kuandaa vitanda.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari za heri, atuunganishe na jamaa zetu, na atulipie madeni yetu kabla hatujaondoka katika safari ile isiyo na kurudi. Amin.